Kuku Aliyetupwa Baharini Galveston

Nianze na lililo wazi ili mtu asipotee njiani: ilikuwa mifupa ya kuku. Kuku mmoja, jogoo, aliyenunuliwa mzima kwa wachinjaji wa halali, akachinjwa kwa bismillahi, akapikwa supu, na supu ikanywewa na watoto pamoja na mwalimu wao. Mwalimu huyo ni mimi. Nayasema haya polepole kwa sababu nilishayasema kwa kelele na hayakusikika.

Kazi yangu ni kupiga picha za eksirei katika hospitali moja ya Houston. Nakaa Pearland. Jumamosi nikiwa sina zamu, naendesha gari hadi upande wa Sugar Land, kwenye ukumbi unaokodiwa na jumuiya yetu, nikafundishe watoto Kiswahili. Ni watoto wa Mombasa na Lamu, wa Unguja, wa Burundi, na wachache wa Kongo. Unawauliza kwa Kiswahili, wanakujibu kwa Kiingereza, na wazazi wao wanasikitika kana kwamba si wao waliowazoesha. Mimi sikuwalaumu watoto. Mtoto hawezi kupenda lugha ambayo kazi yake yote ni kumwambia aamkie wageni na amalize chakula. Mpe jambo analotaka kulijua, kisha mweleze kwa Kiswahili peke yake. Atajikaza mwenyewe akuelewe.

Ndiyo maana niliwaletea Mfaransa.

Watoto walimwita Mfaransa wa Ndege, nami nimwache na jina hilo. Aliishi karne nyingi zilizopita, kabla ya kamera, kabla ya hadubini. Kwao walikuwa watu wasio na kitu. Alianza kama mwanafunzi wa muuza dawa, anasaga mizizi na kukausha majani, mpaka wakubwa wa kanisa walipoona ana akili wakamsaidia kusafiri. Akafika Ugiriki, Uturuki, Misri, hadi Sinai na Yerusalemu. Nilichompendea ni kwamba alikuwa mtu wa sokoni. Alitaka kuona ni samaki gani wanauzwa, ni ndege gani wananing'inizwa, na wenyeji wanawaitaje. Kisha alikuwa anapasua. Hakuridhika kuambiwa ndani kuna nini, alifungua akatazama. Aliporudi kwao aliandika vitabu, kimoja cha samaki na kingine cha ndege.

Alikosea pia, na sikuwaficha watoto. Kiboko alimweka pamoja na samaki, popo akamweka pamoja na ndege. Walicheka mpaka mmoja akateleza kitini. Nikawaambia wacheke lakini wasimdharau. Mtu aliyeandika alichokiona, hata akikosea, amemwachia mwenzake pa kuanzia. Anayesema leo na kukana kesho, huyo hata ukitaka kumsahihisha hutampata.

Katika kitabu chake cha ndege kuna mchoro ambao mimi, ninayetazama mifupa kila siku ya kazi, ulinisimamisha. Upande mmoja kuna mifupa ya mtu. Upande wa pili kuna mifupa ya ndege, amechorwa mkubwa kwa kimo cha yule mtu na kusimamishwa wima mbele yake. Kila mfupa una herufi. Herufi ya bega la mtu ndiyo herufi ya bega la ndege. Niliunakili kwenye karatasi ngumu, nikaubandika ukutani.

"Mwalimu, huyu ndege amesimama kama anaimba wimbo wa taifa," akasema mtoto wa Unguja.

"Mwache aimbe. Wewe shika kiwiko chako. Umekipata? Sasa kitafute chake."

Kulikuwa na msichana mmoja wa Kirundi, mwaka huo ndio alikuwa ameanza shule ya kati. Alikuwa mkimya, wa kukaa karibu na dirisha. Siku hiyo alikuja hadi ukutani, pua karibu iguse karatasi, akauliza, kwa Kiswahili, mara yake ya kwanza kuniuliza kitu kwa Kiswahili: "Mbona goti lake linapinda nyuma?"

Nikamwambia hilo si goti, ni kisigino. Goti lenyewe limejificha juu, chini ya manyoya. Kuku maisha yake yote anatembea kwa vidole. Msichana akavua viatu, akainuka kwa vidole, akazunguka darasa akiwa amekunja mikono ubavuni.

"Basi sasa mimi ni kuku," akasema.

"Karibu sufuriani," wenzake wakamjibu.

Yeye ndiye aliyeomba mifupa baada ya ile supu. Aliipeleka kwao, akaichemsha tena, akailoweka kwenye sabuni ya vyombo, akaikwangua kwa mswaki wa zamani, akaianika kwenye baraza ya ghorofa yao. Mama yake anafua mashuka katika hoteli moja ya mjini, na wakati huo, kila Ijumaa, alikuwa pia anasafisha ukumbi wetu wa jumuiya. Ufunguo alikuwa nao yeye na mwenyekiti wa jumuiya, basi. Alinipigia simu akicheka: "Mwalimu, umenifanya nini? Mimi nasugua sufuria, mtoto anasugua mifupa, na mswaki ni mmoja!"

Kazi ilikuwa nzuri. Kila mfupa aliufunga uzi wenye kijikaratasi, na kwenye karatasi akaandika jina kwa mwandiko mdogo: bega, kiwiko, mtulinga, kidari, paja, kisigino. Kwa kuwa mifupa ilikuwa imetakata mno, alitaka kitambaa cha rangi iliyokolea ili ionekane, na mama yake akampa kitambaa cha meza chekundu kilichochakaa, cha kutupwa kule hotelini. Vyote vikaingia kwenye boksi la viatu, pamoja na nakala aliyoichora mwenyewe ya yule mtu na yule ndege, na herufi zao.

Msomaji aliyelelewa pwani ameshaona balaa linakotokea. Mimi niliyelelewa pwani sikuona, kwa sababu nilikuwa natazama kuku.

Kila mwaka tuna mkutano. Mwaka mmoja sisi tunapanda Dallas, mwaka mwingine watu wa Dallas na Fort Worth wanateremka Houston. Kunakuwa na chakula, dua, watoto wanaonyesha walichojifunza, na mwisho kamati inachaguliwa, jambo ambalo huwatoa watu heshima zao zote. Mwaka ule ilikuwa zamu yetu kupokea wageni. Msichana alikuwa apewe nafasi baada ya chakula cha mchana aeleze mifupa yake kwa Kiswahili mbele ya watu wote. Alijifunza kwa wiki nzima, anaisomea friji, mama yake akaniambia.

Ijumaa mama alisafisha ukumbi. Alileta boksi mapema ili mtoto asihangaike nalo kwenye basi, akaliweka mahali ambapo watoto hawatalipiga mateke: chini ya meza kuu, chini ya viti vya kamati.

Jumamosi asubuhi nilikuwa bado kazini. Mama mmoja mtu mzima kutoka Mansfield, upande wa Dallas, anayejulikana kwa mapambo ya arusi na kwa kujua mambo ya kila nyumba, alikuwa anatandika meza. Akaliona boksi. Akalifungua. Kitambaa chekundu, mifupa iliyofungwa nyuzi, vikaratasi vya mwandiko mdogo, picha ya maiti imesimama na ndege wa mifupa, na yote hayo chini ya kiti cha mwenyekiti, siku ya uchaguzi.

"Fingo!" alipiga kelele. "Wametuwekea fingo!"

Kwa asiyejua, fingo ni kago la kiganga linalozikwa au kufichwa mahali ili limlinde mwenye mahali au limdhuru anayepita. Sikatai kwamba watu wetu wanaliogopa. Ninachokataa ni kwamba katika ukumbi uliojaa madereva, wauguzi, wafanyabiashara na mtu mwenye shahada ya uhandisi, hakuna hata mmoja aliyesoma vile vikaratasi. Vimeandikwa kwa Kiswahili! Paja! Kidari! Ni uchawi gani huo unaokueleza kidari kiko wapi?

Hawakusoma. Walifukiza ubani. Walinyunyiza maji ya chumvi. Kijana mmoja akaambiwa asome aya milangoni. Kisha likaja swali la wapi pa kulitupa, kwa maana sote tumekua tukijua kitu cha namna hiyo hutupwa baharini, hakitupwi kwenye pipa la taka. Na bahari, kwa mtu wa Houston, ni Galveston. Wakamtafuta dereva wa teksi katika jumuiya, wakamtwika boksi, wakamwambia asilifungue, asigeuke nyuma, asisimame njiani hata kununua kahawa. Naye akawasha gari akateremka barabara kuu kwenda kumtupa jogoo wetu katika Ghuba ya Meksiko.

Nilipofika, moshi wa ubani ulikuwa bado haujatoka, na simu yangu ilikuwa imejaa. Yule mama wa Mansfield alikuwa ametuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la jumuiya, Houston na Dallas pamoja. Niliusikiliza garini. Alisema tujihadhari na tunaowapa funguo. Alisema kuna watu wanatoka huko bara ndani, tunawaonea huruma, tunawapa kazi, kumbe wamekuja na mambo yao. Jina hakutaja. Hakuhitaji, kwa sababu mwenye ufunguo anayetoka bara ndani alikuwa mmoja tu.

Nikaingia ukumbini nikamkuta mwenyekiti, muuza magari, mtu ambaye kwa kawaida nampenda.

"Boksi liko wapi?"

"Tulia, dada. Limeshaondoka. Alhamdulillahi halikumgusa mtu."

"Lile ni kuku!"

"Hata mimi nilijua ni kuku. Ndio wanaowatumia."

"Kina nani hao? Lile ni somo. Ni la darasa langu, liko kwenye ratiba uliyoiandika wewe mwenyewe."

Nilimpigia dereva. Akapokea, upepo unavuma nyuma yake, sauti ya mtu aliyetua mzigo.

"Nimemaliza, dada. Nimefanya kama nilivyoambiwa. Nimefumba macho, nimeipa bahari mgongo, nimerusha."

"Rudi majini ulichukue."

"Wee! Mimi na watoto wangu?"

Sijui kama mnaelewa hasira iliyonipata, kwa hiyo nitaifafanua, ndiyo tabia yangu. Yule Mfaransa aliishi katika Ulaya ambamo wanawake walichomwa moto kwa kusingiziwa uchawi, mara nyingine kwa ushahidi mdogo kuliko boksi la viatu. Katika zama hizo hizo yeye alikaa na kisu na mzoga, akatazama, akachora, akaandika herufi. Mwisho wake mwenyewe ulikuwa mbaya. Aliuawa katika msitu nje ya Paris, bado ana nguvu zake, na waliomuua hawakujulikana. Zama hizo zilikuwa za giza na alikuwa na sababu zote za kuogopa alichokigusa. Sisi tulikuwa tumekaa chini ya kiyoyozi, na kila mmoja ana simu ambayo ingemwonyesha mifupa ya kuku kabla hajamaliza kupiga kelele. Tukachagua kuogopa. Na tulipochagua wa kumwogopa, hatukumchagua mmoja wetu. Tulimchagua mama anayetupigia deki.

Walifika kabla ya adhuhuri, yeye na binti yake. Msichana amesukwa nywele upya, amevaa gauni la manjano. Aliinama moja kwa moja chini ya meza kuu. Akainuka.

"Mama, uliliweka wapi?"

Watu wote wakapata kazi ya ghafla ya kufanya. Huyu ananyoosha kitambaa, yule anatafuta chaja. Nilitaka kusema mimi, lakini mwenyekiti alinitangulia, kwa sauti ya chini ya kiungwana, ile ninayoichukia.

"Dada, samahani, tunaomba ufunguo. Kwa muda tu. Mpaka mambo yatulie."

"Mambo yapi?" mama akauliza.

Nikajibu mimi. Nilisema kwa sauti ya kufika jikoni. Nilisema wameona mifupa ya kuku wa mtoto wakadhani ni uchawi, na uchawi wakadhani ni wa mama yake, na wameitupa baharini. Sikutafuta maneno laini. Yule mama wa Mansfield akasimama.

"Mimi sikumtaja mtu! Nilisema baadhi ya watu."

"Baadhi ya watu wana ufunguo?"

"Usinivunjie heshima, mimi umri wa mama yako."

"Mama yangu anajua kusoma neno paja."

Nilifanya utovu wa adabu, najua, na nimeelezwa hivyo na watu wengi. Msichana hakulia. Aliangalia tu mikono yake, kisha akasema kwa Kiingereza, kwa sauti ndogo, kwamba alikuwa amekosea mfupa mmoja na alitaka kuurekebisha kabla ya kusema. Mama yake akaweka ufunguo mezani, akamshika mkono mtoto, wakatoka. Uchaguzi ukaendelea. Mwenyekiti akarudishwa. Pilau, naambiwa, lilikuwa zuri.

Siku zilizofuata simu zikaanza. Kila aliyenipigia alianza kwa kukubali kwamba ilikuwa kuku, akamaliza kwa kuniomba nipoe. Tuyamalize kinyumbani, walisema. Mwenyekiti atakwenda kwake na zawadi, atamtaka radhi, yaishe. Niliwaeleza, kwa subira yote iliyonibakia, kwamba radhi ya sebuleni haifuti kashfa ya hadharani. Watu wa miji miwili wamesikia kwamba mwanamke huyu ni mchawi. Anapanda nao basi. Mmoja wao ni msimamizi wake hotelini. Je, kila mmoja wao atakwenda sebuleni kwake? Mlichokisema kwenye kundi, kikanusheni kwenye kundi, na jina lake mlitaje. "Dada, unalikuza," walinijibu.

Mwenyekiti akatuma ujumbe. Ulikuwa mfupi kama kikohozi. Alisema palitokea kutoelewana kuhusu vifaa vya darasa. Nikakitupa Kiswahili chote nilichobaki nacho kwenye lile kundi, na nikaambiwa nimekiuka kanuni za maandishi marefu.

Aliyenyamaza muda wote huo ni mama wa msichana mwenyewe. Nilidhani amekata tamaa. Jumapili moja alinipigia: "Mwalimu, njoo ule kwangu baada ya misa. Na yule mkubwa wenu nimemwita. Amekubali."

Mwenyekiti alikuja na boksi la tende na tabasamu. Mama akampokea vizuri kabisa, akamwambia kuku amechinjwa na Mwislamu, asiwe na wasiwasi. Akampakulia. Juu ya wali akamwekea firigisi, ile sehemu ya mgeni wa heshima, kwao kama kwetu. Mwenyekiti aliitazama firigisi ile, na mimi nilimwona anatafuta pa kuweka macho yake.

"Kabla hujala," mama akasema, "mtoto ana neno."

Msichana alisimama kando ya meza. Hakuwa na boksi wala kitambaa. Akainyooshea kidole sahani ya mwenyekiti, akaanza. Hili paja. Hiki kidari. Hapa palikuwa na kisigino, watu wanadhani ni goti. Huu uliogawanyika ni mtulinga, wewe unayo miwili, kwa kuku imeungana ikawa mmoja. Alimwambia aguse wake, na mwenyekiti, mtu mzima mwenye kanzu iliyopigwa pasi, akaugusa mtulinga wake, chini ya shingo, kwa mkono uliokuwa bado haujala. Alikwenda mfupa kwa mfupa. Alipokosa neno, alinitazama, nikamtajia, akaendelea. Hakumpunguzia hata mmoja.

Alipomaliza, mama akauliza, "Umeelewa, Mzee?"

"Nimeelewa, dada yangu. Wallahi nimeelewa. Nisamehe."

"Vizuri. Sasa toa simu."

"Simu?"

"Sema hayo hayo, hapa, nasikia. Useme jina langu. Useme kuku. Useme mlitupa kazi ya mtoto."

"Dada, si tumeshasameheana? Hili tuliache baina yetu."

"Baina yetu halikuanza."

Mwenyekiti alinigeukia mimi kutafuta msaada. Nikamega wali. Basi akatoa simu, akasema. Mara ya kwanza alisema "mama mmoja", akarudishwa. Mara ya pili alisema jina lake, na kuku, na Galveston, na kazi ya mtoto. Mama alitaka kuusikiliza ujumbe kwanza. Akausikiliza wote, kichwa kimeinama kama mtu anayesikiliza maelekezo ya dawa, kisha akaubonyeza mwenyewe ukatumwa.

Simu ikaanza kulia majibu papo hapo. Wa kwanza wakatuma mikono ya dua. Wa Mansfield akajitoa kwenye kundi, na hadi leo ninapoandika hajasema lolote, na hasira yangu juu yake haijapungua wala siipunguzi.

Mwenyekiti alikula firigisi, maana hakuwa na jinsi. Alipokuwa anaaga alisema kazi ya ukumbi bado ni yake mama, wakati wowote, hata kesho.

"Hapana," mama akasema. "Sasa hivi mtasafisha wenyewe."

Akamfungulia mlango, akamtakia safari njema, akafunga. Nilitaka kumpongeza. Nilikuwa na maneno mengi, nilikuwa tayari kuyaanza upya yote tangu ule ubani. Aliniangalia mimi, akaangalia sahani yangu.

"Kula, Mwalimu," akasema. "Mchuzi unaganda."